Jasusi na Watani Wake

Mabishano juu ya James Bond hayakuzaliwa Ngara wala hayatazikwa Ngara. Tangu mwaka 1962, ilipotoka filamu ya kwanza, Dr. No, hadi mwaka 2021, ilipotoka ya 25, No Time to Die, wapenzi wa jasusi huyu wa Kiingereza wamekuwa makundi mawili yasiyoafikiana. Wako wanaomtaka mcheshi: aue, ajikung'ute vumbi, atie neno la mzaha juu ya maiti, kisha aende zake kunywa. Na wako wanaomtaka mzito wa uso, mwenye jeraha litokalo damu na dhamiri inayomsuta. Bendera ya kundi la kwanza ni Roger Moore, aliyeigiza filamu 7 baina ya mwaka 1973 na 1985. Bendera ya kundi la pili ni Daniel Craig, aliyeigiza 5 baina ya mwaka 2006 na 2021. Sean Connery, aliyewatangulia wote, hudaiwa na pande zote mbili, kama marehemu tajiri anavyodaiwa na warithi.

Ngara, wilaya ya Mkoa wa Kagera iliyobanwa baina ya Rwanda na Burundi, ina wabishani wake, na watatu kati yao ndio wanaohusika hapa. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, Mnyamwezi wa Tabora aliyepangiwa kazi Ngara akiwa kijana, akaoa huko na kuzeeka huko. Wa pili ni dereva wa lori, Mzaramo, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akipeleka shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo, au hadi Bujumbura kupitia Kabanga. Wa tatu ni mwenye banda la video, Mhangaza, mzaliwa wa pale pale, aliyerithi banda, deki na jenereta kwa kaka yake. Mwalimu ni wa Moore. Dereva ni wa Craig. Mwenye banda hana upande, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuuza tiketi.

Ukiwatazama, ungedhani wangebadilishana. Mwalimu ni mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya chini, aliyefundisha hesabu na kuadhibu makosa ya hesabu. Dereva ni mtu wa soga, anayejulikana katika kila mgahawa kuanzia Kahama hadi mpakani. Lakini mapenzi ya filamu hayafuati tabia ya mtu, na pengine hufuata kile alichokikosa.

Kabla ya kuwasikiliza, inafaa kujua wanabishania kitu gani hasa, maana huenda kisiwe kile wanachobishania watu wa London. Katika banda la video filamu haiji peke yake. Huja na mtu wa kuisema. Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Kenya amevuma DJ Afro. Kampala wamevuma kina VJ Jingo wasemao Kiganda. Kazi hiyo huitwa kutafsiri, na wenye kamusi hukunja uso wakisikia, kwa kuwa mtafsiri wa bandani hayafuati maneno ya asili. Huwapa waigizaji majina mapya, huwatia katika foleni ya daladala, huwadaisha kodi ya nyumba, na huwaambia watazamaji nani atakufa kabla hajafa.

Walakini mtu aliyewahi kukaa usiku kucha na sentensi moja ya mzaha wa Kiingereza, akiitafutia Kiswahili chake, hatawalaumu haraka. Mizaha ya Bond aghalabu imejengwa juu ya neno moja lenye maana mbili. Katika Thunderball ya mwaka 1965, Connery anamchoma adui kwa mkuki wa kuvulia samaki, kisha anatamka neno ambalo kwa Kiingereza ni ncha ya silaha na papo hapo ni kiini cha maelezo: bwana yule, ati, ameipata. Kwa Kiswahili ncha ni ncha na maelezo ni maelezo, hayakutani popote. Ukisema somo limemwingia, ngeli inakukatalia, kwa sababu mkuki haukubali "li". Mtafsiri wa vitabuni angeandika tanbihi chini ya ukurasa, na tanbihi haijapata kumchekesha mtu. Mwenye banda wa Ngara, asiyejua kwamba kuna elimu iitwayo ngeli, alishika kipaza sauti na kusema neno moja tu: "Umemwingia!" Ujumbe umemwingia, mkuki umemwingia. Banda lote likaanguka kicheko. Wako wafasiri wenye shahada ambao hawajawahi kupata pigo safi kama lile.

Anatafsiri kwa Kiswahili kilichotiwa chumvi ya Kihangaza, na kwa kuwa Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hata wachuuzi waliovuka kutoka ng'ambo hawaachwi nyuma. Lakini huyu huyu ndiye aliyeyavuruga mabishano kuliko mtu yeyote. Craig hunyamaza. Katika filamu zake ziko dakika nzima ambazo jasusi anatazama bahari, au anatazama mikono yake, hasemi kitu. Mwenye banda hawezi kuvumilia ukimya huo, watu wamelipa. Basi huujaza. Craig akitazama bahari, bandani anasikika akilalamikia bei ya sukari. Matokeo yake ni kwamba katika banda lile Moore na Craig wana kinywa kimoja, na kinywa hicho kimezaliwa Ngara.

Dereva hakumjua Craig bandani. Alimjua katika simu, usiku, amelala ndani ya kichwa cha lori Nyakanazi, na vitu vya kusikilizia masikioni. Alimsikia anavyonyamaza. Kwa hiyo wanapobishana, Mwalimu humzungumzia Craig anayelalamikia sukari na dereva humzungumzia Craig mwingine kabisa, na ilichukua muda kabla hawajatambua jambo hilo. Sehemu ya ugomvi wao, na pengine sehemu ya ugomvi huo popote ulipo, ni ugomvi wa banda na simu. Aliye peke yake hucheka kwa nadra. Filamu itakayotazamwa na mtu mmoja gizani itafanywa nzito, na itakayotazamwa na watu 60 waliobanana juu ya mabenchi itafanywa nyepesi, hata kama ni ile ile.

Ubishi wenyewe, walipokwisha kupambanua hilo, ulianza kwa Kananga.

Live and Let Die ya mwaka 1973 ndiyo filamu ya kwanza ya Moore. Adui wake ni Dk. Kananga, mtu mweusi, mtawala wa kisiwa cha kubuni katika bahari ya Karibi, aliyeigizwa na Yaphet Kotto kwa haiba kubwa. (Jina hilo halikutoka katika mji wa Kananga wa Kongo, kama wengi wanavyodhani, lilitoka kwa Ross Kananga, mwenye shamba la mamba huko Jamaika ambako sehemu ya filamu ilipigwa.) Mwishoni Bond anamlazimisha kumeza risasi ya hewa iliyoshindiliwa. Kananga anavimba, anapaa hadi darini, anapasuka. Moore anatoa neno lake la mzaha, na filamu inakaribia kwisha.

"Mwalimu," alisema dereva, "mtu mweusi amepasuka kama puto, na wewe unacheka?"

Kisha akaleta ushahidi wake. Casino Royale ya mwaka 2006, filamu ya kwanza ya Craig, karibu na mwanzo inaonyesha kambi ya waasi penye mvua, na maandishi yanasema mahali pale ni Mbale, Uganda. Mbale ni mji wa kweli chini ya Mlima Elgon, ingawa kambi ile ilipigwa picha Uingereza, kama ilivyo kwamba Madagaska ya filamu hiyo hiyo ni Bahamas. Kiongozi wa waasi, Obanno, anamkabidhi fedha zake mwenye benki wa wauaji, fedha zinapotea, Obanno anamfuata hotelini kwa panga. Bond anapambana naye kwenye ngazi, ghorofa hadi ghorofa, na anamnyonga kwa mikono yake. Haendi haraka. Baadaye anasimama mbele ya kioo akijiosha damu, akitetemeka, na mwanamke aliyekuwa naye anakutwa amejikunyata chini ya bomba la maji na nguo zake mwilini, kwa sababu amesaidia kuua mtu. Hakuna anayetia mzaha. Kwa hesabu ya dereva, katika miaka 44 ya filamu hizo, hapo ndipo alipoona kifo cha mtu wa upande wetu kikimnyima mtu usingizi.

Ni hoja nzito, na Mwalimu hakuijibu siku hiyo. Aliijibu safari nyingine, lori liliporudi likiwa tupu.

"Huyo Mganda wako wamempa nini zaidi ya panga?" aliuliza. Kananga, alisema, alikuwa na dola, alikuwa na mpango, alizungumza Kiingereza kuliko Bond. Aliuawa kwa upuuzi, sawa, na mzaha ule ni mzaha mbaya, yeye hautetei. Lakini Obanno hakupewa hata sentensi kumi. Alipewa mvua, askari watoto na panga la kutishia kumkata mwanamke mkono. Katika mzaha wa mwaka 1973 mtu mweusi alikuwa na akili. Katika umakini wa mwaka 2006 ana panga. "Na panga, mtani," alisema Mwalimu, "si kitu cha kumwonyesha mtu wa Ngara ukamwambia huu ndio ukweli."

Hapo wote wawili wana haki, na hakuna njia ya kumpa mmoja ushindi bila kumdhulumu mwingine. Uzito wa uso haumwondolei mtengeneza filamu uvivu wa macho. Mara nyingine humsaidia kuuficha.

Mwalimu ana hoja yake bora zaidi, na haitoki katika Kananga. Inatoka katika Octopussy ya mwaka 1983, filamu ambayo hata wafuasi wa Moore huiona haya kidogo. Karibu na mwisho, bomu la nyuklia limefichwa ndani ya kitako cha mzinga wa sarakasi katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Ujerumani Magharibi. Bond amechelewa, anasakwa na askari, na njia pekee ya kuingia ni kuvaa nguo za mchekeshaji: pua nyekundu, uso uliopakwa rangi, viatu vikubwa kama mitumbwi. Anakimbilia ulingoni akipiga kelele kwamba kuna bomu. Watazamaji wanacheka. Kadiri anavyosihi ndivyo wanavyozidi kucheka, kwa kuwa ni kazi ya mchekeshaji kusihi. Muda unahesabika. Moore, ambaye wakosoaji walisema hajui kuigiza ila kwa unyusi mmoja, ana hofu usoni chini ya rangi ile.

Mwalimu huieleza sehemu hii polepole, kama mtu anayefafanua hesabu ya mafumbo. Craig, husema, akisema kuna bomu, kila mtu atamwamini, maana uso wake tangu alfajiri ni wa mtu mwenye khabari mbaya. Ni mcheshi tu anayeweza kutuonyesha jinsi mtu anavyosema kweli asisikilizwe.

Wapenzi wa riwaya za Kiswahili watakumbuka kwamba ugomvi huu umewahi kuchezwa katika lugha yetu, ingawa haukupewa jina. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea hapa Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni mpelelezi wa kiko na maneno ya pembeni. Ucheshi wake hutangulia fumbo, wala hauketi juu ya maiti. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mtoto wa zama za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na zama zile hazikumwachia nafasi kubwa ya kucheka. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alisimama katikati, mara huku mara huku. Dereva alimsoma Gamba skuli, chini ya dawati. Huenda mapenzi yake kwa Craig yalianzia hapo: alikwisha kuona jasusi ambaye kazi yake ina sababu.

Lakini kuna elimu ya mzaha na kifo ambayo haikuhitaji filamu wala riwaya, nayo ni utani.

Mwaka 1936 mtaalamu wa ndege wa Kimarekani aitwaye James Bond alichapisha kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibi. Ian Fleming, aliyekuwa na nyumba Jamaika na kitabu hicho mkononi, alichukua jina lile kwa ajili ya jasusi wake, kwa kuwa alilitaka jina kavu lisilo na mapambo, na akalitumia katika riwaya yake ya kwanza mwaka 1953. Zama hizo hizo, katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, mtaalamu mwingine wa ndege, Mwingereza Reginald Moreau, alikuwa akikusanya khabari za utani wa makabila ya Tanganyika, na katika miaka ya 1940 akazichapisha. Bado ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo yanayotajwa juu ya jambo hilo. Sijambo dogo kwamba wapenda ndege wawili, bila kujuana na neno hili, mmoja alitoa jina la muuaji mcheshi na mwingine aliandika sheria za kumcheka maiti.

Maana utani una sheria. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo wakapita katika nchi ya Wazaramo. Mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu. Msibani huja na kelele, akamuigiza marehemu alivyotembea, akavaa kofia yake, akalala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Mwenye msiba hawezi kukasirika. Akikasirika amevunja utani. Lakini huyo huyo mtani ndiye aliyeamka mapema kuchimba. Ndiye anayechota maji, anayepasua kuni, anayeshika jembe udongo unaporudishwa. Mzaha wake una kazi ndani yake, na asiyefanya kazi hana ruhusa ya mzaha.

Mke wa Mwalimu alipofariki, lori la dereva lilikuwa Lusahunga, likielekea Rusumo. Aliliacha kwa utingo wake Benaco, akapanda pikipiki hadi Ngara. Alifika matangani akipiga mayowe kwamba marehemu amekimbia na deni lake la kuku wawili, na kwamba hatoki hapo mpaka Wanyamwezi wote walioko Kagera wachange. Alichukua ungo wa marehemu akauweka kichwani. Aliigiza jinsi marehemu alivyokuwa akimwita mumewe kula, kwa jina lake la utani ambalo wanafunzi wake wa miaka 30 hawakuwa wakilijua. Wahangaza wengine, wasiozijua desturi hizo, walimtazama kwa hasira, na mmoja alisimama ili amtoe nje. Mwalimu alikuwa hajasema neno tangu usiku. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kutoka katika kicheko hicho ndipo machozi yalipompata.

Dereva alishinda siku tatu. Alichimba kaburi pamoja na vijana, akabeba jeneza upande wa kichwa, akachota maji. Mwenye shehena alipiga simu mara nyingi.

Ndiyo maana baadaye, Mwalimu alipomwambia kwamba hana haki ya kumponda Moore kwa kuchezea maiti, yeye aliyechezea maiti ya shemeji yake mbele ya watu, dereva alikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo lililowapeleka mabishano mahali ambapo vitabu vya wakosoaji wa Kiingereza havijafika. "Mimi nilibeba jeneza," alisema. "Huyo Moore alibeba nini?"

Kwa kipimo hicho tatizo la Bond mcheshi si kwamba anacheka. Ni kwamba anacheka na kuondoka. Anaua, anatania, anatoka. Wengine ndio wafagie. Na Craig je? Craig hatanii, lakini naye hazikwi watu wake; huoga, hunywa, huvaa shati jipya. Dereva alipoulizwa hilo alikubali, shingo upande, kwamba Craig naye hakuchimba. Ila alau, alisema, alinyamaza. Asiye mtani akinyamaza msibani hakuna wa kumlaumu.

Kwa muda ilionekana dereva ameshinda. Mwalimu alitaka kumtetea Moore kwa kusema kwamba tangu mwaka 1991 alikuwa balozi wa UNICEF, na kwamba UNICEF walikuwapo Ngara siku watoto walipovuka bila wazazi. Dereva akamjibu kwamba hiyo haikuwa filamu. Ilikuwa haki. Lakini kwa kuitaja siku hiyo Mwalimu alikuwa ameufungua mlango ambao kwa kawaida huacha umefungwa.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, ikawa katika wiki chache miongoni mwa mikusanyiko mikubwa ya watu nchini Tanzania. Chini ya daraja lile, Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti za waliouawa, zikiporomoka na maji ya Rusumo, zikichukuliwa hadi Ziwa Victoria. Maelfu waliopolewa na kuzikwa katika fukwe za Uganda na watu wasiowajua. Kandokando ya ziwa wako walioacha kula samaki. Mwalimu alisimama Rusumo siku zile. Alichokiona hakisimulii, na hapa hakitasimuliwa.

Anachosimulia ni usiku mmoja wa mwaka 1995, katika banda la kaka yake mwenye banda wa sasa. Ilionyeshwa The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977. Ndani walikuwamo wenyeji, vibarua wa mashirika ya misaada, na wakimbizi waliotoka kambini kwa miguu. Moore anaendesha gari ndani ya bahari; gari linageuka nyambizi; linapigana chini ya maji; kisha linaibuka ufukweni, taratibu, katikati ya watu wanaoota jua. Moore anashusha kioo cha dirisha, anamtoa samaki mdogo aliyeingia ndani, na kumwangusha mchangani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetupa ganda la karanga.

Palikuwa kimya kidogo. Halafu watu wakacheka, banda zima, kicheko ambacho Mwalimu anasema hakuwa amekisikia Ngara kwa muda wa mwaka mmoja. Samaki, baada ya yote yale. Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi.

Hiyo ndiyo sababu yake ya kumpenda Moore, na kwa miaka mingi alidhani inatosha. Lakini Benaco walikuwamo waliokimbia kuuawa na walikuwamo waliokimbia baada ya kuua, na kila mtu wa Ngara alilijua hilo. Serikali ililijua, mashirika yalilijua, na hadi wakimbizi waliporudishwa Disemba 1996 hakuna aliyeweza kuwachambua. Katika giza la banda lile watu wa namna zote mbili walikuwa wamekaa, pengine benchi moja. "Kicheko chao kilikuwa kimoja," alisema Mwalimu. "Nilisikiliza. Mimi ni mwalimu, nimezoea kujua kwa sauti ni mtoto gani amefanya kosa. Sikuweza."

Dereva alimuuliza kama hayo ni kumsifu Moore au kumshitaki. Mwalimu alimimina chai, akamsogezea sukari.

Hawakulirudia tena jambo hilo. Mabishano yao yalirudi katika mambo mepesi: kama Connery alikuwa mcheshi kweli au alikuwa na dharau tu (alikuwa na dharau, na watu wameipa jina zuri), na kama Timothy Dalton, aliyeigiza mbili tu, mwaka 1987 na 1989, hakuwa Craig aliyekuja kabla ya wakati wake. Mpaka No Time to Die ilipofika bandani.

Katika mabanda ya video kuna kanuni inayojulikana na kila mtoto: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuzama; hafi. Kwa miaka 59 Bond aliishika kanuni hiyo, aliyekuwa akicheka na aliyekuwa akinuna. Katika filamu hii anabaki kisiwani huku makombora ya upande wake mwenyewe yakija, anapanda juu, anasimama, na anakufa. Mwishoni kabisa, baada ya majina yote kupita, yako maandishi yanayoahidi kwamba James Bond atarudi. Na tangu Februari 2025 uamuzi wa atarudi na uso gani umo mikononi mwa Amazon MGM. Lakini bandani hakuna anayengoja majina yapite.

Mwenye banda alikuwa ameitafsiri filamu yote kwa bidii yake ya kawaida. Makombora yalipoanza kushuka aliinua kipaza sauti, akakiweka chini. Alisema baadaye kwamba alitafuta neno akalikosa, jambo lisilowahi kumpata. Watu 40 walikaa kimya wakisikia jenereta nje. Ndipo kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ile ile ya chini, Mwalimu akasema maneno machache, na banda likacheka, na waliokuwa wakilia wakacheka pamoja nao.

Dereva alipigiwa simu usiku ule ule akiwa Nyakanazi. Alitaka kujua maneno yenyewe yalikuwa yapi. Mwalimu akamwambia apite Ngara, alipe kiingilio kwanza.